Korosho Itaamua

Pale Mingoyo, njia inapogawanyika,
Chilumba alizima pikipiki, akatoa mfukoni
korosho moja iliyokwisha kubanguliwa.
Irushe, Somoe, akasema.
Ncha yake itakakoelekea, ndiko.

Nikairusha.
Jogoo wa mama ntilie akaidaka kabla haijatulia,
akakimbia nayo upande wa Masasi.
Basi.

Malipo ya mnada wa tatu yalishaingia.
Deni la salfa tumelipa, la duka tumelipa,
kitinda mimba wetu yuko kwa mumewe Nachingwea
na hapigi simu ila Ijumaa.
Nyumba imebaki na saa ya ukutani
na sisi wawili tukipishana mlangoni
kama wapangaji.
Usiku mmoja akaniuliza, gizani:
Hivi sisi tumewahi kwenda mahali
bila kuitwa?

Nikahesabu. Harusi. Ngoma za watoto wa dada yake.
Hospitali ya Ligula, mara nne.
Mazishi, sikumaliza kuhesabu.

Kizuizi cha Nanganga. Askari, kijana, kofia imemzidi kichwa.
Mnatoka?
Mtwara.
Mnakwenda?
Mbele, akasema mume wangu.
Mbele wapi?
Mbele ya hapa.
Akaitazama leseni, akatutazama mvi,
akatazama kidumu cha petroli
na furushi la kanga nililolikalia nusu.
Wazee wangu, mna akili timamu kweli?
Tulikuwa nazo, nikasema,
tumeziacha zilinde nyumba.

Ndanda, mama mwenye ndizi alikuja mbio na beseni:
Poleni na nsiba.
Maana nani mwingine hupanda pikipiki Jumanne,
mke na mume, umri huu, na furushi?
Chilumba alifungua mdomo, nikamfinya.
Tumeshapoa, nikajibu.
Akatupa ndizi nne, pesa akazikataa.

Tulikula tukiendelea. Ya pili ilinikaa kooni.
Karibu na Chikundi nikamgonga bega: geuza.
Akageuza bila kuuliza. Hilo nalo niliandike,
maana kwake ni jambo.

Mama, hatuna msiba. Tunatembea tu.
Mnatembea tu?
Tu.
Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda.
Basi nilipeni ndizi zangu!
Tukalipa. Naye, wakati anahesabu chenji,
alikitazama kiti changu cha nyuma,
akakitazama kwa muda mrefu,
kisha akarudi kwenye beseni lake.

Gesti ya Masasi, chini ya mawe yale
yanayokaa kama wakwe waliokuja bila taarifa,
kijana wa mapokezi aliuliza bila kuinua macho:
Mapumziko, au kulala?
Miaka thelathini na moja ya ndoa
ikanipanda usoni kama msichana.
Tulicheka hadi yeye ndiye akaona haya.
Usiku mvua ilipiga bati, na sikutamani
kujua kama mikorosho yetu inapata.

Siku ya tatu tukapanda Newala.
Vumbi jekundu, kisha tope jekundu,
kisha ukungu, kisha ardhi ikakatika.
Shimo la Mungu, wenyeji wanaliita.
Bonde lote la Ruvuma chini ya viatu vyetu,
na ng'ambo, Msumbiji, kijani ileile,
haina habari kwamba ni nchi nyingine.

Mbio za sakafuni, akasema Chilumba.
Nikamalizia: huishia ukingoni.
Tukakaa kimya. Upepo ulitoa harufu ya salfa
kwenye koti lake; hata sabuni imeshindwa nayo.

Siku tatu nimekisoma kisogo chake:
kovu la surua, mikunjo miwili, mvi zinazopinda
kushoto kama barabara ya Kitangari.
Kitabu kizima, nami sikuwahi kupewa nafasi
ya kukikalia hivi.

Sasa wapi? nikauliza.
Akatia mkono mfukoni. Nikadhani korosho.
Akanipa ufunguo.

Gia ya kwanza iko chini, akaanza kueleza.
Najua, nikasema, nikikunja kanga magotini.
Miaka yote hii unafikiri nilikuwa
nikitazama nini, kama si mguu wako?